Chaneli Mia, Mpira Hakuna

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele, kando ya cherehani,
Jumanne, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na kabla sijasema lolote, niambie kwanza unaendeleaje. Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka na mlango wazi?

Sisi huku tunapumua. Miguu inaniuma kwa kukanyaga cherehani, maana msimu wa sare za shule umefika na kila mzazi anataka ya mwanawe iwe tayari jana. Baba ni mzima. Hilo nalirudia ulisome vizuri: baba ni mzima, mwili na akili. Barua hii yote ni ya kukueleza kwa nini nalisema kwa uhakika hivyo, na kwa nini nimeudhika kiasi hiki.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba cha kukaa ni kimoja, na masikio ya baba ni ya refa, hata aliyemtukana moyoni anamsikia. Halafu wewe kwenye simu hunikatiza. Karatasi haikatizwi.

Nianze na hiyo kebo yako. Uliiweka ulipokuja kwenye msiba wa mama, na nia yako ilikuwa njema, sikubishii. Hukutaka mzee abaki akitazama ukuta. Ulimwita yule jamaa tunayemwita Bwana Waya, akapitisha waya juu ya paa la jirani, akatoboa ukuta wetu juu ya dirisha, akamwaga vumbi la tofali juu ya vitambaa vya wateja wangu, kisha akakuuliza unataka kifurushi gani. Ukamjibu, mimi nikiwa nimesimama hapo na ufagio: "Mwekee mzee kile chenye chaneli nyingi kuliko vyote." Ndivyo ulivyosema, na ndivyo alivyokufanyia.

Chaneli ni nyingi kweli. Kuna ya kuuza masufuria mchana kutwa. Kuna ya nyoka: asubuhi nyoka anammeza chura, na jioni anammeza chura yuleyule. Kuna za mahubiri ambazo wahubiri wake wanapingana wao kwa wao. Kuna ya watu wanaoonyeshwa nyumba kubwa kama ukumbi, halafu wanalalamika kwamba jiko ni dogo. Kuna katuni zinazoongea lugha ambayo hakuna mtu mtaa huu mzima anayeijua. Zilizobaki ni kioo cheusi chenye namba pembeni, nazo zimo kwenye hesabu ya zile mia, maana Bwana Waya hulipisha hata giza.

Mvua ikinyesha, picha inakatika vipande vipande kama kitambaa kilichoangukia mikononi mwa fundi mlevi. Upepo ukivuma, waya unapiga bati na sauti inakwenda na kurudi. Jua likiwaka, tunaambiwa mtandao unasumbua. Ukimpigia Bwana Waya, anakuvisha kilemba cha ukoka: "Dada yangu, nipo njiani." Sijui njia hiyo imepita nchi ngapi. Lakini malipo yako yakichelewa kidogo tu, huyo mlangoni, tena anauliza na hali za watoto.

Sasa nije kwenye mpira, ambao ndio uliokufanya uweke kebo. Jumamosi baba anaoga mapema, anavaa ile fulana yake nyeusi ya urefa, anakaa kwenye kiti chake na miguu ameikunja kama mtu anayesubiri kuitwa uwanjani. Wachambuzi wanaongea, picha safi kama maji ya mtungi. Timu zinatoka, wachezaji wanapeana mikono, mpira unawekwa katikati. Hapo kioo kinageuka buluu na maandishi yanatokea: "Chaneli hii haimo kwenye kifurushi chako."

Baba anaitazama ile buluu. "Labda wanarekebisha," anasema. Anangoja mpaka mapumziko. Anangoja kipindi cha pili. Mechi ikiisha picha inarudi, na wale wachambuzi wanaanza kumweleza kwa kirefu mambo ambayo hakuyaona.

Tangu mwanzo nilitaka kukwambia, akanikataza. "Mtoto anajinyima kwa ajili yangu. Ukimwambia utamvunja moyo." Basi nikafunga mdomo nikaendelea na pindo zangu.

Na Jumapili unapiga simu. Mnaongea mpira, mnacheka, mnabishana. Tangu mama aondoke sijawahi kuwasikia mkiongea jambo jingine. Nilikuwa namsikia akikusimulia jinsi winga alivyompiga chenga beki, jinsi kipa alivyoruka, nami nikadhani picha huwa inarudi nikitoka kupeleka nguo za watu. Sikutia maanani. Kichwa changu kilikuwa kwenye kola na vifungo.

Ndipo ukaniletea ule ujumbe wako. Kwamba baba amekusimulia kadi nyekundu ambayo haikutoka, na ulipomsahihisha akashikilia palepale, mpaka akakutajia nahodha alivyovua kitambaa cha unahodha akakitupa chini. Ukaandika: "Dada, refa mzima hawezi kukosea kadi nyekundu. Baba anaanza kupoteza kumbukumbu. Mpeleke hospitali upesi."

Mdogo wangu, moyo ulinipiga paa! Nilimkumbuka bibi miaka yake ya mwisho, alivyokuwa akituita kwa majina ya waliokwisha kufa, akitaka kurudi nyumbani hali yumo nyumbani. Wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kitambaa mkononi ili asitoke nje peke yake. Nikasema, basi, zamu imefika tena.

Nilimdanganya baba kuwa tunakwenda kupima presha. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, ana sauti ya chini. Akamuuliza leo ni siku gani, tuko mwezi gani, akampa maneno ya kukumbuka, akamwambia ahesabu kurudi nyuma. Baba akajibu yote kama maji. Nilikuwa nimeanza kushusha pumzi pale daktari alipoweka kalamu chini. "Mzee, mwanao anasema ulimsimulia jambo la mpira ambalo halikutokea. Unalikumbuka?"

Baba alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Ndiyo, daktari. Siku hizi nachanganya mambo."

Daktari akaandika. Akatuambia turudi kwa vipimo zaidi, akanieleza pembeni mambo ya kuangalia: akipotea njia, akiacha jiko linawaka, akisahau majina yetu. Tulipotoka nje nililia barabarani kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Baba akanishika kiwiko. "Usilie, mama. Ni uzee tu." Ananiita mama, unajua, pale anaponihurumia.

Nilifika nyumbani nimevunjika. Nikaficha viberiti. Nikaficha ufunguo wa mlango wa nyuma. Na wiki hiyohiyo, mtu huyohuyo anayesahau akaniambia, "Ile sketi ya mwalimu umeipunguza kiuno, lakini alisema na urefu pia." Kweli, mimi ndiye niliyesahau. Siku iliyofuata akanitajia wachezaji wote wa mechi ya kwanza aliyowahi kuchezesha, na waliokuwa benchi. Nikajiuliza, huu ni usahaulifu gani unaochagua Jumapili tu?

Hapo ndipo nilipowaza habari ya kinyozi. Kila Jumapili asubuhi baba alikuwa akiniaga, "Nakwenda kunyoa." Anyoe nini? Kichwa cha baba hakina nywele za kumficha hata chawa mmoja aliye na haraka. Kidevu nacho alikuwa akikinyoa mwenyewe kila siku. Kando ya kinyozi kuna mama mmoja mjane anayeuza vyombo vya udongo, mtaratibu, ana macho mazuri. Nikasema moyoni, kumbe mzee ana lake! Nisikufiche, nilifurahi kidogo na nikakasirika kidogo.

Juzi Jumapili nikamfuata. Nilikuwa na sababu, maana kinyozi alikuwa ameniletea koti lake la kazi nilibadilishe zipu. Nikalikunja nikalibeba. Mlangoni pana pazia la kitambaa. Nikasimama nyuma yake, nikasikia sauti ya baba.

"Kona ilipigwa kutoka kushoto au kulia?"

"Kushoto, mzee," akajibu kinyozi.

"Kwa mguu gani?"

"Wa kulia. Ukaingia ndani kwa kujikunja."

"Na kipa alikuwa amesimama wapi?"

Nikasogeza pazia kidogo. Baba ameketi kwenye kiti cha kunyolea, hajafungwa kitambaa, mikono magotini, anasikiliza kama mtoto anayekariri shairi la shule. Wateja wanamsimulia mechi, huyu anaongeza, yule anasahihisha. Mdomo wa baba ulikuwa ukitikisika, anarudia majina ili yasimtoroke. Alikuwa anajiandaa kwa simu yako.

Humo ndani kulikuwa na fundi viatu mmoja anayeitwa Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Redio akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, ile kadi nyekundu ya siku ile, hivi kweli uliiamini? Mimi nilikuwa nakutania! Nahodha kavua kitambaa, katupa chini! Nilidhani utanishtukia."

Baba aliinuka kwenye kile kiti kwa kasi ambayo sijaiona tangu aache urefa. "Ni wewe!" akasema. "Ni wewe! Umefanya nipelekwe hospitali kupimwa akili!"

Kinyozi alizima mashine yake. Redio akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mzee wangu. Sikujua." Baba akageuka kutafuta mlango, akaniona mimi pale na koti la watu mkononi.

Tukarudi nyumbani pamoja. Tulipofika, akakaa, nami nikavuta kiti cha cherehani nikakaa mbele yake. Nikamuuliza kwa nini alimwambia daktari kwamba anasahau, hali alijua hasahau.

"Ningemwambia nini?" akajibu. "Kwamba mwanangu anajinyima ili anilipie kioo cha buluu?"

"Bora hilo kuliko kusema umechanganyikiwa, baba! Nimeficha mpaka viberiti!"

"Nimeviona," akasema. "Viko kwenye mfuko wa vifungo."

Nilikuwa na hasira za kumgombeza mtu, na mtu mwenyewe ananitazama kwa macho yale. Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonikalisha kuandika barua hii. "Na mpira ukiondoka, mimi na yeye tutaongea nini?"

Wewe una jibu lake?

Jana Jumatatu nikaacha sare za watoto wa watu nikaenda ofisini kwa Bwana Waya. Ofisi yenyewe ni chumba nyuma ya duka la kuchaji simu, nyaya zimening'inia kama utumbo. Nikamuuliza kwa nini sisi tunaolipiwa kifurushi kikubwa hatuoni mpira. Wala hakubabaika.

"Mpira uko kifurushi cha michezo, dada yangu. Kile kina chaneli chache. Mdogo wako hakutaja mpira. Alisema anataka nyingi."

"Na ile picha safi tunayoletewa kabla ya mechi kuanza?"

"Ile ni ya kuwaonjesha, ili mvutiwe mpandishe."

Nilitamani nimwonjeshe kiatu. Muda wote huu anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, anakwambia mzee anafurahi, na wewe unatuma. Nakasirika naye, lakini siwezi kusema amekuibia. Uliagiza wingi, akakuuzia wingi. Na hapo ndipo nakukasirikia na wewe kidogo, uniwie radhi. Ungemuuliza baba anataka kuona nini, angekujibu kwa neno moja. Ulimuuliza muuzaji.

Nilirudi nikamweleza baba kwamba tunaweza kubadilisha, tuchukue hicho cha michezo. Nilidhani atafurahi. Akakikuna kidevu, akasema, "Hapana. Usibadilishe." Nikashangaa. Akanieleza kwamba kinyozi ana televisheni yake ndogo, picha ina chenga kidogo, lakini mpira unaonekana. Siku zote wamekuwa wakimkaribisha Jumamosi, naye anakataa, kwa sababu mtu aliyewekewa kebo na mwanawe ataonekanaje akienda kubanana kwenye benchi la watu? Basi anajifungia hapa na buluu yake, halafu Jumapili anakwenda kuomba masimulizi. "Kule nikisema ile si penalti," akasema, "yupo wa kunibishia. Hapa ninabishana na kabati."

Nikampigia Bwana Waya nikamwambia aje tuzungumze habari ya kifurushi. Fundi aliyeshindwa kufika msimu mzima wa mvua alibisha hodi sijamaliza pindo moja, akidhani tunaongeza. Nikamwambia akate. Akanitazama kama niliyemtukania ukoo. Akapanda juu ya paa, akauzungusha waya wake mkononi, akaondoka bila kuuliza hali ya mtu. Tundu la ukutani nimelizibia na vipande vya kitambaa. Utakasirika kwamba sikukuuliza kwanza. Kasirika. Hasira zangu zimetangulia kwenye foleni.

Lakini bado sijamaliza. Jana hiyohiyo jioni nilimpigia wifi yangu ili akutayarishe kabla barua haijafika. Nikamweleza jinsi baba anavyohangaika kuzikariri mechi ili mpate kuzungumza juu ya mpira mlioutazama wote. Wifi akacheka.

"Wifi," akasema, "mpira gani? Jumamosi mume wangu yuko kazini mpaka Jumapili asubuhi. Anarudi hoi, anasoma matokeo kwenye simu akinywa chai, ndipo anampigia baba. Ananiambia, mzee anaupenda sana mpira, nisipouzungumzia ataona simtilii maanani."

Nilikaa kitako sakafuni katikati ya mabaki ya vitambaa. Kwa hiyo mechi zote hizo, mmoja kasoma, mwingine kasimuliwa, mnabishana juu ya penalti ambayo hakuna aliyeiona kati yenu, na katikati mnamnenepesha Bwana Waya. Nikashindwa nicheke au nilie, nikafanya vyote, na kola ya mtoto wa watu nikaishona upande wa ndani nje.

Nisikilize sasa, mimi dada yako niliyekubeba mgongoni. Usitume tena fedha ya kebo, wala usinunue kitu kingine badala yake. Usimpigie Bwana Waya kumgombeza, hana anachojua zaidi ya hicho. Daktari nitamrudia mimi mwenyewe nimweleze ukweli, na aibu nitaibeba mimi.

Wewe Jumapili piga simu kama kawaida. Kabla baba hajaanza kukutajia kona na mguu uliopiga, mtangulie. Mwambie, "Baba, sikuiona mechi. Nilikuwa kazini." Hayo tu. Usimwambie nimekuandikia, wala usitaje hospitali. Atanyamaza kidogo, utadhani amekasirika. Vumilia. Mwache aje mwenyewe.

Nakwambia hivi kwa sababu leo asubuhi, nikiwa natia uzi kwenye sindano, aliniuliza swali. Alikuwa anatazama nje dirishani, akaliuliza kama mtu anayeona haya: "Hivi huko aliko, hasa hasa, mdogo wako anafanya kazi gani?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikagundua hata mimi sijui vizuri. Najua ni ya usiku. Najua inaumiza mgongo. Baba akaniambia, "Siku zote nataka kumuuliza, lakini mechi inakuwa ndefu."

Basi mwambie, mdogo wangu. Unavyoamka, unavaa nini, unasimama wapi, nani anakutuma, nani mnacheka naye, wapi hasa panauma. Usipunguze, usipake rangi. Mzee huyo anajua kusikiliza mpaka filimbi ya mwisho.

Shangazi anakusalimu, anasema picha uliyomtumia umekonda. Mama wa jirani mwenye paa anashukuru kuondolewa waya. Kinyozi anakusalimu sana. Redio naye ameomba nikufikishie radhi zake, na ameishona soli ya kiatu cha baba bila kudai kitu. Mbusu binti yenu, na wifi mwambie nimemshukuru kwa ukweli wake.

Mungu aulinde mgongo wako na riziki yako, akupe usingizi mzuri mchana ule unaolala wewe wakati wenzako wakifanya kazi, na akurudishe kwetu siku moja uje ukae kwenye benchi la kinyozi kati yangu na baba.

Wako akupendaye, hata akiwa amekasirika hivi,

Dada yako wa cherehani.